Hellcat ya Gia za Mkono na Hellcat ya Otomatiki: Kisa cha Mita 18 za Kwanza

Mwaka 2014 Dodge wa Marekani walipotangaza gari lao la Challenger SRT Hellcat ya toleo la 2015, walimpa mnunuzi uhuru ambao leo ni adimu: injini ileile, bodi ileile, matairi yaleyale, kisha achague giaboksi mwenyewe. Injini ni V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, pampu inayoisukumia injini hewa zaidi. Ina nguvu za farasi 707, na nguvu ya mzunguko, ile mafundi wanayoiita toki, inafika Nm 881. Giaboksi ya kwanza ni Tremec TR-6060 ya gia sita za mkono, yenye klachi ya sahani mbili. Ya pili ni otomatiki ya gia nane, 8HP90, ya ukoo wa kampuni ya ZF ya Ujerumani. Anayetaka kuelewa kwa nini otomatiki huondoka vizuri kuliko gia za mkono kwenye gari lenye nguvu nyingi hatapata kisa kilicho wazi kuliko hiki, maana karibu kila kitu kingine kimeachwa palepale.

Nimekichagua pia kwa sababu ubishi wenyewe huwa unaenda kombo. Upande mmoja utakuambia otomatiki inashinda kwa kuwa inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa binadamu. Upande wa pili utakuambia dereva hodari wa gia za mkono hashindwi na mashine. Wote wawili wanatazama katikati ya mbio, ilhali kwenye gari la nyuma-pekee, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, lenye farasi 707 mambo mengi yanakuwa yameshaamuliwa kabla gia ya pili haijaingia.

Mbio za dragi zinakwenda hivi. Magari mawili, njia mbili zilizonyooka, robo maili, yaani mita 402. Kabla ya kusogea kwenye mstari, dereva anapitisha matairi ya nyuma kwenye maji kidogo, anayazungusha mpaka yanatoa moshi ili yasafike na kupata joto, halafu anasogea taratibu mpaka tairi la mbele linakata mwale wa taa. Taa za njano zinawaka, ya kijani inafuata. Saa ya muda wa gari inaanza pale tairi la mbele linapouachia ule mwale, kwa hiyo dereva aliyechelewa kuitikia taa anaweza kushindwa mbio huku muda wa gari lake ukibaki mzuri. Kipimo cha kwanza baada ya kuondoka kiko futi 60 mbele, sawa na mita 18 na kidogo. Mwishoni anapewa karatasi yenye namba zote: futi 60, nusu ya njia, muda wa mwisho, mwendo wa mwisho. Watazamaji husoma ile ya chini kabisa. Wakimbiaji huanza na ya futi 60.

Sasa tazama namba ambazo Dodge wenyewe walizitoa kwa Hellcat ya otomatiki, zikiwa zimethibitishwa na NHRA, chama kikuu cha mbio hizi Marekani tangu 1951. Kwa matairi ya kiwandani gari lilimaliza robo maili kwa sekunde 11.2, likiwa na mwendo wa maili 125 kwa saa, kama kilomita 201. Wakavua matairi, wakafunga ya dragi yanayoruhusiwa barabarani, likamaliza kwa sekunde 10.8 na mwendo wa maili 126. Muda umepungua kwa sekunde 0.4 wakati mwendo wa mwisho umeongezeka kwa maili moja tu. Mwendo wa mwisho unaeleza nguvu ya injini, na injini haikuguswa. Zile sekunde 0.4 karibu zote zimeokotwa mwanzoni, pale tairi lilipokuwa linateleza na sasa linashika. Matokeo haya ndiyo ninayoyashikilia katika uchambuzi wote unaofuata.

Tupige hesabu ya mshiko. Gari na dereva wake tuseme ni kilo 2,100. Likiwa limesimama, karibu asilimia 57 ya uzito iko mbele, kwenye injini, na matairi ya nyuma, ndiyo yanayosukuma, yamebeba asilimia 43 tu. Gari likianza kuvuta, uzito unarudi nyuma na hali inakuwa nafuu. Kwa tairi la kawaida la barabarani lililopashwa joto, lenye msuguano wa 1.1 hivi, gari hili linaweza kuongeza mwendo kwa takriban 0.6 ya mvuto wa dunia. Msukumo wa namna hiyo unadai nyutoni 12,000 na zaidi kidogo pale tairi linapogusa lami. Hapo ndipo mwisho wa tairi. Ukiongeza mafuta baada ya hapo, tairi linazunguka bure.

Injini inaweza kupeleka kiasi gani? Hapa ndipo kisa kinaponoga. Otomatiki ina gia ya kwanza ya uwiano wa 4.71, na difu yake, ile seti ya gia ya mwisho kabla ya magurudumu, ni 2.62. Zidisha: 12.3. Giaboksi ya mkono ina gia ya kwanza ya 2.26 na difu ya 3.70. Zidisha: 8.4. Maana yake, toki ileile ya injini inakuzwa zaidi ya mara kumi na mbili kwenye otomatiki, na mara nane na kitu kwenye gia za mkono. Ukiacha nguvu inayopotea njiani, injini ikiwa kwenye kilele chake otomatiki inaweza kuyapelekea matairi nyutoni 30,000, na ya mkono 20,000. Zote mbili zimelipita tairi kwa mbali, lakini otomatiki imelipita zaidi.

Kwa hiyo ukiangalia namba hizo peke yake, ungetegemea otomatiki ndiyo iteleze sana na gia za mkono ndizo ziondoke kwa utulivu. Uwanjani inakuwa kinyume. Na wala gia za mkono hazina mabadilisho mengi njiani. Kwa mzunguko wa injini wa 6,200 kwa dakika, ya mkono inafika karibu kilomita 100 kwa saa ikiwa bado gia ya kwanza, na kwenye robo maili inabadilisha mara tatu. Otomatiki inamaliza gia ya kwanza kabla ya kilomita 70 na inabadilisha mara nne. Gia ya pili ya otomatiki, ukiizidisha na difu yake, ni 8.2, karibu sawa kabisa na gia ya kwanza ya mkono. Ni kusema Hellcat ya mkono inaondoka kwenye mstari kama otomatiki iliyowekwa gia ya pili. Bado inachelewa. Anayesema tofauti ni kasi ya kubadilisha gia aeleze hapo.

Maelezo yako kwenye mguu wa kushoto. Dereva amesimama kwenye mstari, klachi imekanyagwa hadi chini, injini inazunguka labda mara 3,000 kwa dakika. Gari halijasogea. Katika gia ile ya kwanza ndefu, yaani yenye uwiano mdogo, mzunguko wa 3,000 unalingana na mwendo wa karibu kilomita 49 kwa saa. Kati ya sifuri na kilomita 49 kuna pengo, na kitu pekee kinachoweza kuliziba ni klachi kuteleza. Akiiachia ghafla, anapeleka toki ya injini pamoja na kitu kingine ambacho wengi hawakihesabu: flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), krenki na vyote vinavyozunguka navyo vimejaa nguvu ya mwendo wao, na nguvu hiyo yote inatoka kwa mkupuo mmoja. Pigo linalofika kwenye tairi kwa sehemu ndogo ya sekunde linaweza kuizidi toki ya injini yenyewe. Tairi linakatika kwenye lami, yaani linaachia na kuteleza, na likishakatika mshiko wake unashuka chini ya ule liliokuwa nao. Tairi la mpira linavuta vizuri kuliko wakati wote likizunguka kwa asilimia kumi hadi kumi na tano kuliko mwendo wa gari. Likipita hapo sana, moshi unakuwa mwingi na gari linabaki nyuma.

Akishusha mzunguko hadi 1,500 na kuiachia vilevile, injini inazama, gari linaguguma, na muda unapotea kwa njia nyingine. Kilichobaki ni kuiachia klachi kidogokidogo kwa muda wa sekunde nzima au zaidi, mguu wa kulia ukilisha mafuta kiasi kinacholingana. Ili kubaki kwenye zile nyutoni 12,000, injini ya mkono inatakiwa kutoa kama asilimia 59 ya toki yake kamili, na klachi iipitishe bila kuruka. Hellcat ya mkono ina mfumo wa kuondokea unaoshikilia mzunguko wa injini mahali dereva alipoupangia. Unasaidia, lakini kanyagio la klachi ni lake mwenyewe. Mguu unaoweza kufanya hivyo kwa usahihi upo; naamini hivyo kabisa, na nawaheshimu wenye nao. Ila kuufanya mara tano mfululizo, klachi ikizidi kupata joto na hisia yake ikibadilika kila safari, ni jambo jingine.

Otomatiki haina klachi ya kuachia pale mwanzoni. Kati ya injini na giaboksi kuna konvata, ngoma iliyojaa mafuta: upande wa injini unayasukuma, upande wa giaboksi unasukumwa. Hakuna chuma kinachogusana na chuma, kwa hiyo hakuna pigo. Toki inapanda kwa mteremko laini, na gari likiwa bado limesimama konvata yenyewe inaikuza zaidi. Dereva anakanyaga breki kwa kushoto, anaongeza mafuta kwa kulia, na kabla hajaondoka shafti, difu na matairi vyote vimeshakazwa. Ulegevu wote umeondolewa. Akiachia breki, kinachobadilika ni msukumo kuanza kuwa mwendo.

Upande wa pili wa otomatiki ni kompyuta. Inajua mzunguko wa kila gurudumu na inaweza kupunguza toki ya injini mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ili kubaki kwenye mpaka wa tairi, otomatiki inahitaji asilimia 40 tu ya toki ya injini, hata kabla ya kuhesabu ukuzaji wa konvata. Akiba ni kubwa mno, na akiba hiyo ingekuwa hatari bila mtu au kitu cha kuibana. Konvata inabana pigo, kompyuta inabana kiasi. Gia fupi ya kwanza, ambayo kwenye karatasi ilionekana kuwa mzigo, inageuka faida: gari likishaanza kutembea na uzito ukikaa nyuma, toki ya kuongeza ipo tayari mara moja.

Halafu inakuja gia ya pili, na hapa ndipo kasi ya kubadilisha inapopata nafasi yake, ingawa kwa sababu tofauti na inayosemwa. Kwenye hali ya Track, yaani mpangilio wa uwanjani, Dodge walitaja mabadilisho ya milisekunde 160. Kubwa kuliko namba hiyo ni kwamba otomatiki inabadilisha huku ikiendelea kuvuta. Wa mkono anakanyaga klachi, msukumo unakatika, pua ya gari inashuka, uzito unakimbilia mbele, na matairi ya nyuma yanakuwa mepesi wakati uleule ambao klachi inarudi na toki kamili. Kwa hiyo tairi linakatika mara ya pili, safari hii gari likiwa karibu kilomita 100 kwa saa, na hapo mkia unaweza kuhama. Supachaja haina subira. Msukumo wake uko tayari mara tu mguu unaporudi. Waliowahi kuona Hellcat ya mkono ikipinda nyuma katikati ya njia iliyonyooka wameuona wakati huo.

Kuna jambo la vyuma pia. Tairi likishika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, gurudumu la nyuma linaanza kurukaruka, na kila mruko ni nyundo kwenye shafti za magurudumu na difu. Gia za mkono huchochea hali hii zaidi kwa lile pigo la klachi. Mwenye gari akifunga matairi yanayonata sana bila kugusa kitu kingine, tairi halitelezi tena, na pigo linatafuta pa kutokea: klachi, shafti au difu. Wakimbiaji wa Marekani wanaoshindana kwa gia za mkono hufunga kifaa kinachochelewesha klachi kurudi, au klachi iliyotengenezwa iteleze kwa kipimo. Ni ufundi mzuri, na ukiutazama kwa makini utaona wanaitafutia klachi tabia ya konvata.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyelelewa kwenye Subaru Impreza WRX STI anaweza kunikatalia, kwa sababu ameona gia za mkono zikiondoka kama risasi. Ana haki kwa alichokiona. Subaru ile inasukuma kwa magurudumu manne, uzito wote wa gari unageuka mshiko, na nguvu yake iko mbali na farasi 707. Dereva anaweza kuiachia klachi kwa mzunguko wa juu na matairi yakakubali. Anayeumia ni klachi na giaboksi. Uzoefu huo hauhamishiki kwenye gari la nyuma-pekee lenye toki ya Nm 881.

Ushahidi wa kile wahandisi wa Dodge wenyewe walichojifunza ulikuja na Challenger SRT Demon ya toleo la 2018. Nguvu za farasi 808, au 840 kwa mafuta ya mbio ya oktani 100. Gari hili halikuuzwa na gia za mkono kabisa. Angalia walivyolipanga. Kwanza matairi: Nitto NT05R ya dragi yenye upana wa milimita 315, rimu ya inchi 18 badala ya 20, ili ukuta wa tairi uwe mrefu na uweze kukunjika linapoondoka. Springi zikalainishwa ili pua inyanyuke na uzito urudi nyuma upesi. Baada ya kupata mshiko ndipo wakafupisha difu, kutoka 2.62 hadi 3.09. Zidisha tena na ile gia ya kwanza ya 4.71: zaidi ya 14. Waliongeza ukuzaji kwa sababu sasa kulikuwa na tairi la kuupokea.

Kisha wakaweka breki ndani ya giaboksi. Kwenye Hellcat, ukishikilia kwa breki ya mguu na kuongeza mafuta, inafika mahali injini inazishinda breki za nyuma na matairi yanaanza kujizungusha. Kwenye Demon giaboksi yenyewe inaufunga mhimili wa kutokea, kwa hiyo dereva anaweza kupandisha mzunguko hadi 2,350, supachaja ikiwa imeshajaza hewa, na kuachia kwa kidole kwenye usukani. Matokeo yaliyothibitishwa na NHRA: sekunde 9.65 kwa maili 140 kwa saa, matairi ya mbele yakiwa hewani mwanzoni mwa safari. Mwaka 2023 Demon 170, nayo otomatiki pekee, ikashuka hadi sekunde 8.91 kwa maili 151.17. Kwa muda wa namna hiyo NHRA hudai fremu ya kinga ndani ya gari, na gari lililotoka dukani kama hilo halina, kwa hiyo mwenye nalo hawezi kulipeleka hivyohivyo kwenye mashindano yao. Nakubaliana na sharti hilo moja kwa moja.

Je, Hellcat ya mkono ni chaguo baya? Kwa robo maili kutoka kusimama, ndiyo, ni chaguo la pili, na sioni haja ya kulizungusha. Mbio zikianza magari yakiwa tayari yanatembea kilomita 80 kwa saa, pengo linapungua sana kwa sababu mita 18 za kwanza hazipo tena. Kwenye lami yenye unyevunyevu, ile gia ya kwanza ndefu ni rafiki: mguu wa kulia unapata nafasi ya kukosea kidogo bila gari kukuhama. Na kuna raha ya kulijua gari kwa mikono na miguu yako ambayo karatasi ya muda haiandiki.

Aliyenaye tayari na anataka kushuka muda, aanze na matairi ya dragi kabla hajagusa injini, na apunguze upepo wa nyuma kulingana na mtengenezaji wa tairi alivyoelekeza kwa uwanjani, kisha aurudishe kabla ya kutoka barabarani. Shafti na difu zikaguliwe mapema, kwa maana sasa ndizo zitakazobeba pigo. Mzunguko wa kuondokea aupange chini kuliko anavyotamani, tuseme 2,000, na aongeze kidogokidogo safari baada ya safari. Mafuta kamili yangoje mpaka klachi iwe imeshika yote. Walio Ghuba wana uwanja wa mbio wa Yas Marina pale Abu Dhabi, yenye njia ya dragi na vipimo vya muda. Barabara ya watu si mahali pa kujifunzia hili. Kila akirudi na karatasi yake, ailinganishe namba ya futi 60 na ile ya safari iliyotangulia kabla hajatazama muda wa mwisho. Wakimbiaji wana kanuni yao ya kukadiria: sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiipunguza pale, mwisho wa njia utakuta zimepungua sekunde 0.15 hivi.